Somo la 9: Siku Kumi za Kwanza

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Wakorintho 6:19, 20, Marko 6:30–44, 1 Wafalme 19:4–8, Hesabu 11:4–6, Danieli 1:8–16, Kumbukumbu la Torati 6:6, 7, Zekaria 4:10.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 10:31. Lisomeni kwa sauti nyumbani kila jioni ya juma hili, kabla ya kuomba baraka ya chakula.

Mafundisho mengi ya afya humlenga mtu mwenye nafasi: nafasi ya kupika, nafasi ya kufanya mazoezi, na ulimi unaokubali kila kilichowekwa mezani. Lakini katika kila kundi la Shule ya Sabato yumo mzazi anayeamka saa kumi na moja alfajiri, anawaandaa watoto, anakimbilia daladala, anarudi saa moja jioni, anakagua madaftari, kisha anakula chakula chake cha kwanza cha maana saa nne usiku, nyumba ikiwa imelala. Yumo pia yule ambaye tangu utotoni mboga za majani hazimpiti kooni, maharage hayataki, na furaha yake ni wali, chapati na viazi vya kukaanga. Mara nyingine hao wawili ni mtu mmoja. Kliniki wamemshauri apunguze uzito. Amekwisha kujaribu na kuacha zaidi ya mara moja. Sasa somo la afya linapotangazwa kanisani, yeye huangalia chini.

Somo hili limeandikwa kwa ajili yake, na kwa ajili yetu tunaoketi naye benchi moja. Ukweli wake mkuu ni huu: Mungu hamwanzishi mtu kwa mzigo asioweza kuubeba. Danieli alipofika Babeli hakuomba abadilishiwe jiko lote la mfalme. Aliomba siku kumi. Juma hili tutajifunza namna ya kuziomba siku zetu kumi, na namna ya kuzitumia.

*Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Hekalu, Si Maonyesho

Soma 1 Wakorintho 6:19, 20. Paulo anatoa sababu zipi za kuutunza mwili? Ni sababu zipi ambazo watu hupenda kuzitaja, lakini yeye hazitaji?

Paulo alikuwa anawaonya Wakorintho juu ya uasherati, lakini kanuni aliyoiweka inaugusa mwili wote. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na mwenye mwili amenunuliwa kwa thamani. Hekalu hutunzwa kwa heshima ya Yeye akaaye ndani yake. Paulo hasemi neno juu ya gauni la harusi lisiloingia, wala juu ya maneno ya majirani.

Tunahitaji kulisikia jambo hili kwa sababu vinywa vya watu havikubaliani. Kwetu, mtu akinenepa husifiwa kwamba amenawiri na mambo yake yamenyooka. Akianza kupungua, huulizwa pembeni kama anaumwa au kama kazini kumeharibika. Anayeanza safari hii ili kuwapendeza watu atavutwa huku na huku, na mwisho atachoka. Anayeanza kwa sababu magoti yanauma, shinikizo la damu limepanda, na watoto wake bado wanamhitaji kwa miaka mingi, huyo ana sababu isiyobadilika na maneno ya sokoni.

Ni vizuri pia kujua tunapima nini. Wataalamu wa afya huchukua uzito kwa kilo na kuugawanya kwa urefu wa mtu katika mita, mara mbili. Kwa mtu mzima, jibu kati ya 18.5 na 24.9 huhesabiwa kuwa uzito wa kawaida, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene uliopita kiasi. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 80 hupata 31. Huenda akasikia kwamba anapaswa kupunguza kilo 20, akakata tamaa papo hapo. Lakini ushahidi wa kitabibu unaonyesha kwamba hata kupunguza sehemu 5 kwa 100 ya uzito kunaweza kusaidia shinikizo la damu na sukari. Kwa mama huyu hizo ni kilo 4. Mlima ule ule, ila sasa ana kituo cha kwanza anachokiona kwa macho.

Tukumbuke jambo lingine. Mizani haipimi utakatifu. Uzito huathiriwa na urithi, uzazi, baadhi ya dawa, baadhi ya magonjwa, usingizi na mahangaiko ya maisha. Bwana alimwambia Samweli kwamba Yeye haangalii kama wanadamu waangaliavyo (1 Samweli 16:7). Mshiriki mwembamba hana haki ya kumpima mwenzake kwa jicho.

*Ukiulizwa leo kwa nini unataka kuutunza mwili wako, utajibu nini? Je, jibu hilo litasimama hata kama hakuna mtu atakayeona mabadiliko?*

JUMATATU

Hawakupata Nafasi Hata ya Kula

Soma Marko 6:30–32. Wanafunzi walikuwa na hali gani waliporudi kutoka kazini? Yesu aliwajibuje?

Kazi yao ilikuwa njema. Walikuwa wamehubiri na kuponya. Hata hivyo watu walikuwa wengi, wakija na kwenda, na wanafunzi wakakosa hata nafasi ya kula. Yesu hakuwasifu kwa hilo. Aliwaita waende kando wapumzike. Mzazi anayedhani kwamba kujisahau ni sehemu ya wito wake na ausome mstari huu polepole.

Kukosa nafasi ya kula hakumfanyi mtu ale kidogo. Mara nyingi humfanya ale bila kujua. Huonja mchuzi jikoni, humalizia uji wa mtoto, hununua maandazi mawili kituoni, humega ukoko akiwa anaosha sufuria. Ukimwuliza, atasema kwa unyofu kwamba tangu asubuhi hajala. Kisha usiku, mwili uliochoka unadai deni lote kwa mara moja.

Angalia pia jinsi Yesu alivyowalisha watu elfu tano katika sura hiyo hiyo. Kabla ya mkate kugawiwa, aliagiza waketi vikundi vikundi katika majani mabichi (Marko 6:39, 40). Kisha akashukuru. Huo ni utaratibu ambao hata mwenye shughuli nyingi anaweza kuufuata: kuketi, kushukuru, kula kilichopakuliwa, na kumaliza. Kitu kinacholiwa kwa kusimama hakihesabiwi, lakini mwili unakihesabu.

Na yale mabaki ya watoto? Wazazi wengi huyala kwa kuogopa dhambi ya kutupa chakula. Hofu hiyo ni njema. Lakini soma Yohana 6:12, 13. Yesu aliagiza vipande vilivyosalia vikusanywe ili kitu kisipotee, navyo vikajaza vikapu kumi na viwili. Vilikwenda kwenye vikapu. Hakuna aliyelazimishwa kuvimaliza akiwa ameshiba. Mpakulie mtoto kidogo, aongeze akitaka, na kinachobaki kifunikwe kwa ajili ya kesho.

Waadventista tunayo tayari shule ya maandalizi. Tangu wakati wa mana, watu wa Mungu walifundishwa kuandaa siku ya sita chakula cha siku ya saba (Kutoka 16:22, 23). Kila Ijumaa jikoni kwetu tunafanya hivyo. Ujuzi huo huo unaweza kufanya kazi Jumapili jioni kwa ajili ya Jumatatu. Loweka maharage au choroko usiku, ziive upesi kesho yake. Osha karoti na matango mapema, uyaweke tayari kwa kukatwa. Chemsha viazi vitamu vya asubuhi wakati jiko la jioni bado lina moto. Dakika ishirini za jioni zinaweza kumwokoa mzazi na maandazi ya kituoni.

Tusiusahau usingizi. Eliya alipolala chini ya mretemu akitamani kufa, malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa tena chakula (1 Wafalme 19:4–8). Neno la Mungu lilikuja baadaye. Mtu asiyelala vya kutosha huhisi njaa zaidi, na hupenda zaidi vitamu na vya mafuta. Kwa baadhi ya wazazi, hatua ya kwanza ya kupunguza uzito ni kuweka simu mbali na kitanda.

*Kesho, andika kila unachokula nje ya mlo ulioketi kuula. Usibadilishe kitu bado, andika tu. Orodha hiyo inakufundisha nini?*

JUMANNE

Matango ya Misri

Soma Hesabu 11:4–6. Waisraeli walikumbuka vyakula gani? Ni nini walichosahau kuhusu Misri?

Orodha yao ni ya kina: samaki, matango, matikiti, mboga, vitunguu, na vitunguu saumu. Waliikumbuka meza ya Misri kwa ukamilifu, wakasahau viboko. Ulimi una kumbukumbu ndefu, na hasa hukumbuka wakati mtu amechoka na yuko jangwani. Kosa la Israeli halikuwa kupenda matango. Matango ni chakula kizuri. Kosa lilikuwa kuidharau mana iliyokuwa mkononi, na kumhukumu Mungu kwa kipimo cha hamu yao.

Basi tumwambie nini ndugu au dada anayebagua chakula? Kwanza, tusimwite mkaidi. Kuna watu ambao ulimi wao huhisi uchungu wa mboga kwa nguvu kuliko wengine. Wapo wanaoshindwa na jinsi chakula kinavyohisika mdomoni, si ladha. Pili, tumpe habari njema: ladha hujifunza. Wataalamu wa lishe ya watoto husema kwamba mtoto huenda akahitaji kuonja chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali. Wazazi wengi hukoma mara ya tatu, wakasema, "Huyu hapendi." Kwa mtu mzima nako hali si ngeni: anayepunguza chumvi huona chakula hakina ladha mwanzoni, lakini baada ya majuma kadhaa chakula cha zamani humkera kwa chumvi.

Historia ya kanisa letu ina mfano wa kutia moyo. Ellen White, ambaye kwake ujumbe wa afya ulitujia, hakuzaliwa akipenda chakula rahisi. Yeye mwenyewe alishuhudia kwamba alikuwa mlaji mkubwa wa nyama, na kwamba mkate haukumpendeza kabisa. Alipitia mapambano makali alipobadilisha meza yake. Kwa muda, chakula kile kile alichokuwa hakitaki kikawa cha kumfurahisha. Hatuhitaji kuiga kila hatua aliyopitia, na mwenye ugonjwa wa sukari au vidonda vya tumbo asijaribu kukaa na njaa. Lakini tunajifunza kwamba hata mjumbe wa Bwana alianza akiwa na ulimi uliogoma.

Anayebagua chakula na aanze na anavyovipenda tayari. Chukua karatasi, andika vyakula vyema ambavyo unavila bila kulazimishwa, hata kama ni vitano tu. Asiyetaka mchicha huenda anakula kachumbari. Asiyetaka maharage huenda anakula kunde au choroko. Asiyetaka dona huenda anapenda mahindi ya kuchemsha au magimbi. Asiyetaka tunda lolote huenda hakatai chungwa. Hivyo ndivyo vyakula vya siku zako kumi za kwanza. Vile usivyovipenda vitasubiri.

Kisha jaribu kubadilisha upishi kabla ya kukilaumu chakula. Wengi hawachukii mboga. Wanachukia mboga iliyochemshwa hadi ikawa nyeusi na kulegea. Matembele yaliyopikwa dakika chache kwa kitunguu, nyanya na ndimu ni chakula kingine kabisa. Weka kijiko kimoja tu cha mboga mpya kando ya chakula unachokipenda, mara mbili kwa juma. Kijiko kimoja hakimtishi mtu.

*Ni chakula gani ambacho zamani hukukipenda, na sasa unakipenda? Kitu gani kilibadilika?*

JUMATANO

Siku Kumi

Soma Danieli 1:8–16. Orodhesha hatua alizochukua Danieli, kuanzia moyoni mwake hadi mwisho wa jaribio.

Alikusudia moyoni. Akaomba kwa adabu. Mkuu wa matowashi alipoonyesha hofu, Danieli hakumbishia, bali alimwendea msimamizi akiwa na pendekezo. Pendekezo lenyewe lilikuwa na muda maalumu, siku kumi. Lilikuwa na chakula kinachojulikana. Na lilikuwa na siku ya kupimwa. Tena hakuwa peke yake. Walikuwa vijana wanne mezani pamoja.

Msomaji makini ataona kwamba katika mstari wa 15 vijana hawa walionekana wamenenepa kuliko wenzao. Danieli hakuwa anapunguza uzito. Hilo halituondolei somo, bali linalithibitisha. Lengo lake lilikuwa uaminifu, na mwili ukapata kile ulichohitaji. Mwili mwingine unahitaji kujazwa, mwingine unahitaji kupunguzwa. Njia ya kuanza ni ile ile: jambo moja, muda unaojulikana, na kipimo cha haki.

Makosa ya wengi ni kuanza mambo saba Jumatatu moja. Jumatano mtoto anapata homa, na yote saba yanaanguka pamoja. Badala yake, chagua jambo moja kati ya haya manne kwa siku kumi:

1. Sukari ya kunywa. Mzazi anayekunywa vikombe vinne vya uji au chai ya mchaichai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, anakunywa vijiko 12, yaani takribani gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa isizidi takribani gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na lingependa zaidi ibaki karibu na 25. Akishuka hadi kijiko kimoja kwa kikombe, kwa mwezi anaacha karibu kilo nzima ya sukari. Soda moja ya mililita 350 nayo mara nyingi hubeba takribani gramu 35.

2. Mafuta ya kupikia. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takribani kalori 120. Vijiko vitatu vinakaribia nguvu ya gramu 100 za unga wa mahindi, lakini tumbo halivihisi. Kikombe kimoja cha mafuta chunguni kinakaribia kalori 2,000, kiasi ambacho kinaweza kumtosha mtu mzima mmoja kwa siku nzima. Pima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu. Familia nzima itafaidika, na ladha itabaki.

3. Mpangilio wa sahani. Pakua mboga au kachumbari kwanza, ijaze nusu ya sahani. Robo iwe maharage, kunde, samaki au mfano wake. Robo ya mwisho iwe ugali, wali au ndizi. Anayebagua chakula na aanze kwa kuongeza ile mboga moja anayoikubali, hata kama ni ile ile kwa siku zote kumi.

4. Miguu. Shirika hilo linashauri angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma. Si lazima zije kwa mkupuo mmoja. Kushuka kituo kimoja kabla, asubuhi na jioni, kwaweza kuleta dakika 20 kwa siku bila kuiba muda wa mtu. Kila mwendo una hesabu.

Jipime uzito siku ya kwanza na siku ya kumi, saa ile ile, halafu uache mizani ipumzike. Huenda namba isishuke sana. Kupungua nusu kilo kwa juma ni mwendo mzuri na salama. Swali la siku ya kumi ni hili: je, jambo hili moja naweza kulibeba siku kumi nyingine? Kama ndiyo, lishike, na uongeze la pili. Kama hapana, lipunguze nusu, uanze tena. Nabii Zekaria aliuliza juu ya wale walioidharau siku ya mambo madogo (Zekaria 4:10). Hekalu alilolisema lilijengwa jiwe kwa jiwe, na lako pia.

*Umechagua jambo lipi kati ya manne? Nani atakuwa mwenzako wa siku kumi?*

ALHAMISI

Nyumba Moja, Chungu Kimoja

Soma Kumbukumbu la Torati 6:6, 7. Wazazi walipaswa kuwafundisha watoto wao wakati gani na mahali gani? Kanuni hiyo inahusuje meza na miguu?

Musa hakutaja darasa. Alitaja kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Watoto hujifunza kula kwa kututazama. Kwa sababu hiyo mzazi asijipikie chungu chake cha "dayati" na watoto chungu kingine cha kukaanga. Hana muda huo, na watoto watajifunza kwamba chakula chema ni adhabu ya watu wazima. Chungu kimoja, mafuta yaliyopimwa, mboga mezani kwa wote, kila mmoja apakuliwe kwa kiasi chake.

Watoto husikiliza pia. Mama anayejitukana mbele ya kioo anamfundisha binti yake kujichukia. Baba anayemtania mtoto mnene mbele ya wageni anaacha jeraha ambalo mtoto huenda akalibeba hadi utu uzima. Tuseme juu ya nguvu, si juu ya umbo: "Tunatembea ili moyo uwe na nguvu." Wala tusitumie chakula kama rushwa, kumwahidi mtoto soda akimaliza mboga, hapo tumemfundisha kwamba mboga ni kazi na soda ndiyo mshahara.

Mwenzi wa ndoa ana sehemu yake. Yethro alipomwona Musa akihukumu watu tangu asubuhi hadi jioni, alimwambia waziwazi kwamba atachoka kabisa, na mzigo ugawanywe (Kutoka 18:17–23). Kama mke anafanya kazi, anapika, anafua na kukagua madaftari peke yake, kumwambia apunguze uzito ni kumwongezea mzigo wa tano. Mume anayeosha vyombo jioni, ili mkewe atembee nusu saa, anahubiri ujumbe wa afya kwa mikono yake.

Kanisa nalo litazame meza yake. Chakula cha ushirika siku ya Sabato ni baraka. Lakini mara nyingi mezani pana wali, pilau, chapati na viazi, na mboga imewekwa pembeni katika bakuli dogo. Mwenyeji mkarimu humhimiza mgeni aongeze, na anayekataa huonekana hakupenda chakula. Tujifunze kusema, "Asante, mama, kimenitosha, na kilikuwa kitamu," na wenyeji tujifunze kuamini jibu hilo. Anayekuja na bakuli kubwa la kachumbari au tikiti lililokatwa hahitaji kutoa hotuba. Na baada ya chakula, matembezi ya Sabato alasiri pamoja na watoto, tukitazama kazi za Muumba, ni urithi wetu wa siku nyingi. Tusiubadilishe kwa usingizi wa kwenye kiti.

*Ni neno gani kuhusu mwili au chakula linalosemwa mara kwa mara nyumbani mwako? Je, lingesemwa mbele ya Yesu akiwa ameketi mezani nanyi?*

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Kanisa letu lilipangwa rasmi kwa Konferensi Kuu mnamo Mei 1863 huko Battle Creek, Michigan. Tarehe 6 Juni mwaka huo huo, majuma machache tu baadaye, Ellen White alipewa njozi ya afya huko Otsego, katika jimbo hilo hilo. Mwaka 1866 kanisa lilifungua taasisi yake ya kwanza ya afya. Angalia mpangilio huo: watu waliokuwa ndiyo kwanza wameunganishwa, wachache na wenye kazi nyingi, waliitwa kuutunza mwili tangu mwanzo. Mungu hakusubiri wapate nafasi.

Kanuni nane tunazozifahamu, yaani lishe bora, mazoezi, maji, mwanga wa jua, kiasi, hewa safi, pumziko na kumtumaini Mungu, hazihitaji kuanzwa zote kwa siku moja. Ile ya mwisho ndiyo inayobeba nyingine. Kiasi kimetajwa miongoni mwa matunda ya Roho (Wagalatia 5:22, 23), na tunda hukua. Halitengenezwi kwa kujilaumu. Utakapovunja mpango siku ya nne kwa sababu ya msiba au mtoto mgonjwa, soma Mithali 24:16. Mwenye haki huyo hajulikani kwa kutoanguka. Hujulikana kwa kuinuka. Siku ya tano ipo palepale inakungoja.

Tahadhari: mama mjamzito au anayenyonyesha asianze kupunguza chakula bila ushauri wa kliniki. Anayetumia dawa za sukari au shinikizo la damu na azungumze kwanza na mtoa huduma wa afya, kwa kuwa uzito na chakula vinapobadilika, huenda kipimo cha dawa kikahitaji kubadilishwa pia. Anayepungua bila kukusudia apimwe mapema. Hakuna kosa la imani katika kwenda hospitali.

Maswali ya Kujadili:

1. Kwa nini Danieli aliomba jaribio la siku kumi badala ya kudai ruhusa ya kudumu? Njia hiyo inatufundisha nini juu ya namna ya kuwaongoza wengine katika mambo ya afya?

2. Je, ujumbe wa afya katika kanisa lenu mahalia huwatia watu tumaini au aibu? Toeni mifano bila kutaja majina.

3. Mshiriki anasema, "Napenda kula vizuri, lakini mboga zinanishinda, na nikirudi kazini ni usiku." Kama kundi, mtamsaidiaje kwa vitendo juma lijalo, mbali na kumpa fungu la Biblia?

4. Rudini kwenye 1 Wakorintho 10:31. Paulo anataja kula na kunywa, kisha neno lolote tutendalo. Kwa nini unadhani alianza na mambo ya kawaida kiasi hicho?

5. Kabla ya kufunga darasa, kila mmoja aandike jambo moja atakalolifanya kwa siku kumi, ampe karatasi mwenzake, na waombeane wawili wawili. Sabato ya pili kutoka leo, ulizaneni.